Mechi Arubaini na Nane Kabla ya Safari

Kenton, London
Jumamosi asubuhi

Mama yangu,

Nakushika miguu. Mimi mzima, ila goti la kushoto linalalamikia ngazi. Wewe je, jicho la kulia bado linatoa machozi ukikaa karibu na moshi? Dada Asha akikusomea haya asiruke mistari, kama alivyofanya mara iliyopita. Barua anakuja nayo Bi Saada, jirani yangu, anayesafiri kesho.

Simu ilikatika kabla sijakueleza kwa nini nilinyamaza uliposema daktari hasubiri Oktoba tena, anakupasua macho Septemba. Ulisema, "Sipandi kile kitanda kama hupo." Ukadhani sitaki kuja. Siyo hivyo, Mama.

Nilishakutajia Bwana Walter, mzee wa miaka tisini ninayemwogesha na kumpa dawa. Macho yake hayasomi tena. Babu yake alikuwa Mmarekani, na mwanzoni mwa karne iliyopita aliajiriwa msimu mmoja kucheza besiboli. Ni mchezo wa mpira na gongo, kama kriketi iliyooana na rede. Kazi yake ilikuwa kuchuchumaa nyuma ya mpigaji na kudaka mipira, na kila mechi aliiandika kwenye daftari. "Vidole viwili vimevimba. Tumeshinda. Nimekula samaki." Mimi ninayeandika shajara tangu sekondari, nilimpenda mtu huyo papo hapo.

Bwana Walter ana sharti moja: kila mechi isomwe tarehe yake ileile. Mkewe alimsomea hivyo kila mwaka mpaka alipofariki. Tangu Aprili msomaji ni mimi. Wenzangu wa zamu nyingine hawapewi muda wa kukaa kitako. Siku ya kwanza niliona mechi imeandikwa saa 3, nikamwambia walicheza asubuhi.

"Asubuhi?" akasema. "Wamevaa nguo za kulalia?"

Nikamweleza saa zetu zinavyohesabiwa. Tangu hapo nikimtajia saa huuliza, "Ya kwenu au ya kwetu?"

Sasa msimu ule unaisha Oktoba. Ningeondoka Septemba, nani angemmalizia? Na kwa umri wake nisingeweza kuapa kwamba atauona Aprili mwingine. Shajara yangu inaonyesha nilikaa na maneno mdomoni siku nne tangu simu yako. Ya tano, Jumanne ya kwanza ya Agosti, alinikatiza.

"Salim, umesoma ushindi kama tangazo la msiba. Una nini?"

Nikamwambia yote, hadi jicho la kulia.

"Zimebaki mechi ngapi?"

"Arubaini na nane."

"Mvua ikiharibu mechi, babu na wenzake walicheza mbili siku inayofuata. Basi mvua imenyesha."

"Na tarehe, Bwana Walter?"

"Tarehe haziendi hospitali. Soma."

Tukasoma mbili kila siku, hata siku zangu za mapumziko. Nilikwenda kwa basi, nikasoma, nikarudi. Timu ilianza kufungwa mfululizo, na Bwana Walter akiwalaumu warusha mpira kana kwamba wanamsikia. Babu alivunjika kidole cha mkono wa kuandikia, mwandiko ukageuka wa mtoto, tukatumia kioo cha kukuza maandishi.

Jana tulifika mechi ya mwisho. Walifungwa. Chini yake babu kaandika: "Mwakani hawanihitaji. Nguo ziko sandukuni. Jumapili nitakuwa kwa mama."

Nikalifunga daftari, nikaliweka mezani. Bwana Walter alipapasa meza mpaka akaupata mkono wangu.

"Miaka yote hii," alisema, "nimekuwa nikimchelewesha mpaka Oktoba. Mwaka huu amefika mapema kwa mama yake."

Mama, tiketi ninayo. Nafika Jumatano ya wiki ijayo, siku mbili kabla ya upasuaji. Kampuni imenipa wiki sita, basi nitakuwepo hata bandeji ikifunguliwa.

Nisalimie shangazi mshona kofia, na mwalimu wangu wa Kurani kule chuoni, mwambie bado nasoma kwa sauti. Mjomba wa Mtambwe asinunue mbuzi kwa ajili yangu; kuku anatosha. Asha nampa pole kwa kazi ya kukulea peke yake.

Bwana Walter naye anakusalimu. Aliuliza jina lako, na mara ya tatu alilitamka sawasawa.

Ni mimi mwanao,
Salim