Betri ya Mtaa na Mayai ya Mama Vifaranga

KAMATI YA BETRI YA MTAA: KIKAO CHA TATU

Tarehe: Jumamosi, 14 Juni
Mahali: Sebuleni kwa Mama Vifaranga, aliyekataa kuiacha mashine yake ya kutotolea mayai
Waliohudhuria: Mwenyekiti (fundi umeme mstaafu), Mama Vifaranga, Cheche (mchomelea vyuma), Dobi, Katibu
Hakuwepo: Mweka Hazina, bila taarifa, kama kawaida yake

KUMB. NA. 3/1: KUFUNGUA
Mwenyekiti alifungua kikao saa 11:50 jioni. Alikumbusha kwamba kila jioni mtaa mzima ukiwasha vitu transfoma huzidiwa, umeme ukakatika. Betri imewekwa ijae mchana, isaidie jioni. Leo ndiyo jioni yake ya kwanza.

KUMB. NA. 3/2: YALIYOTOKEA JANA
Wenye mashine kubwa walikubali kuhamishia kazi mchana. Jana saa sita Mwenyekiti alipuliza filimbi, na kwa utii ambao mtaa huu haujawahi kuuonyesha, wote waliwasha kwa mpigo mmoja. Umeme ulikatika mchana kweupe. Mayai yalifunikwa mablanketi, na hadi kikao kinaanza hakuna aliyejua kama yamepona.

Cheche alijitetea kwamba alifuata filimbi. Mama Vifaranga alimjibu: "Shemeji, siku nyingine husikii hata ukiitwa kula." Kisha aliomba maneno hayo yasiandikwe.

Mwenyekiti alikiri kwamba wazo la filimbi lilikuwa lake. Iliazimiwa ifungiwe kabatini na zamu zilizoanza leo ziendelee: Dobi asubuhi, betri adhuhuri, Cheche alasiri.

KUMB. NA. 3/3: JARIBIO
Giza lilipoingia, mtaa uliwasha kila kitu. Wajumbe waliikodolea macho taa ya sebuleni. Ilififia kidogo, ikatulia, ikaendelea kuwaka. Cheche na Dobi walikumbatiana, jambo ambalo wote wawili wanalikanusha. Katibu naye alifurahi kupita kiasi, na anaomba hilo liingie kwenye kumbukumbu.

KUMB. NA. 3/4: MENGINEYO
Mwenyekiti akiwa katikati ya hotuba, Mama Vifaranga alimwambia anyamaze. Alinyamaza, kwa mara ya kwanza tangu achaguliwe. Ndani ya mashine kulisikika mlio mdogo. Yai moja lilikuwa limetoboka, na la pembeni yake lilikuwa linatikisika.

Mama Vifaranga alikaa sakafuni akalia. Katibu aliuliza kama na hilo lisiandikwe. Alijibu: "Andika. Na yale ya shemeji, andika yote."

KUMB. NA. 3/5: KUFUNGA
Mwenyekiti alifunga kikao saa 2:10 usiku. Hakuna aliyeondoka.

Mwenyekiti: ....................
Katibu: ....................