Oili Niliyoimimina Kibondo

Kasulu, Jumapili mchana

Baba yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Shikamoo, na nyingine ya zile siku zote nilizokuamkia haraka haraka kwenye simu na kukata. Magoti yanaendeleaje? Bado unashuka gereji kila asubuhi, au dada Mwajuma amefaulu kukukalisha barazani? Mimi mwili wangu mzima, alhamdulillahi. Kwenye simu huwa naishia hapo, maana nikiendelea sauti itanigeuka nawe utamwita mama. Leo naandika.

Kwanza ujue sipo tena Kibondo. Niko Kasulu, nimepanga chumba kimoja nyuma ya soko. Usishtuke, nitakueleza.

Nilipofika Kibondo kazi ilikuwa nyingi kweli. Magari ya mashirika ya kambi ya wakimbizi ya Nduta yalikuwa yakipanga foleni pale gereji. Kisha wakimbizi wakaanza kurudi kwao Burundi, mashirika yakapunguza watu, na magari nayo yakapungua. Mafundi wenzangu wawili wakaondoka. Tukabaki mimi na mwenye gereji, Bwana Swedi. Baba, kuna siku zilikuwa zinaisha sijasema neno zaidi ya "washa" na "zima". Wateja wakizungumza wenyewe ni Kiha, wakicheka nami nacheka, sijui tunacheka nini.

Katika hali hiyo ndipo alipokuja Elias. Ni kijana wa Kasulu, anauza maharage kwa jumla. Wazazi wake walikimbia Burundi zamani, yeye kazaliwa huku na ni Mtanzania. Ana gari dogo la Kijapani lenye turbo, la kukimbia, nalo analipenda kama mtu. Alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya magari kule upande wa Mwanza, ya kwanza maishani mwake, na mazoezi alikuwa akifanyia kwenye barabara ya zamani ya changarawe karibu na Kibondo, vilima vitupu, mguu haunyanyuki kwenye mafuta.

"Dada fundi," aliniambia, "nikipanda vilima viwili vitatu mfululizo, mshale wa presha ya oili unalala. Ndani humu kuna 5W-30 kama kitabu kinavyosema."

Nikachomoa kijiti cha kupimia nikaisugua ile oili kati ya vidole, kama ulivyonifundisha. Ilikuwa ya moto, imekuwa maji. Nikamweleza kwamba kitabu kiliandikwa kwa mtu anayekwenda kazini na kurudi. Yeye anaipika injini. Namba ya kwanza inasema oili itapita vipi asubuhi injini ikiwa baridi, ya pili inasema itabaki na uzito gani ikishachemka. Asubuhi apate nyepesi ileile, kwenye moto aongeze kidogo. Nikasema 5W-40, iliyo nzuri, na aibadilishe mapema kuliko watu wengine.

Bwana Swedi alikuwa nyuma yangu. "Arobaini ya nini? Gari la mbio hilo. Weka 20W-50, ndiyo ninayoweka kwenye malori na hayajawahi kulalamika."

"Lori halina haraka asubuhi, Bwana Swedi," nikasema. "Na huku kuna baridi. Hiyo ni nzito injini ikiwa baridi, itachelewa kufika kwenye turbo."

"Zainabu, gereji ni ya nani?"

5W-40 haikuwepo Kibondo, ingebidi kuagiza Kasulu na kungoja siku mbili. Elias alinitazama mimi, hakumtazama Bwana Swedi. Alikuwa anangoja niseme. Nami, baba, nilikuwa nimechoka kuwa mwanamke mgeni anayebisha kila kitu. Nikachukua galoni la 20W-50 nikamimina. Hata sikumwambia aache injini ipate joto kwanza. Nilinyamaza kama niliyesusa.

Asubuhi ya tatu yake kulikuwa na ukungu na baridi ya mwezi wa saba, ile ya kutoa moshi mdomoni. Elias aliwasha gari akapanda nalo kilima moja kwa moja. Walilileta gereji likivutwa kwa kamba. Turbo ilikuwa imekatika, vumbi la chuma limejaa kwenye oili, na beringi zimekwaruzika. Turbo yenyewe huenda ilikuwa imeshachoka, sikatai. Lakini mkono uliomimina nauona kila nikinawa.

Bwana Swedi akamwambia, "Hukuipasha moto. Kosa lako, kijana." Elias akaangalia chini, akaitikia. Nami nilikuwepo, nimeshika kitambaa, nikanyamaza mara ya pili.

Siku ya tatu nikapanda basi hadi Kasulu, nikaulizia mpaka nikafika kwao. Mama yake alinipokea kwa salamu ya Kirundi, "Amahoro," akanipa kigoda, akaenda kumwita. Elias akatoka na mikono ina vumbi la maharage.

"Lile gari si kosa lako peke yako," nikamwambia. "Nilijua oili ile ni nzito mno kwa asubuhi za huku."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akajipangusa vumbi mikononi, kidole kimoja kimoja. Kisha akasema, "Mimi nilipita gereji tatu kuja kwako. Watu waliniambia yule dada wa Tanga hakubali tu ili mtu afurahi."

Nilisimama niondoke, nikiwa nimefika kwenye mlango wa ua akasema nyuma yangu, "Injini utaifungua wewe. Hapa hapa, nikiona."

Nilirudi Kibondo kumwambia Bwana Swedi kwamba nimemweleza mteja ukweli. Aliniambia nikusanye spana zangu. Hakupaza sauti. Mkewe alinifungia mihogo ya kuchemsha ya njiani, akalia kidogo, nami nikalia ndani ya basi, kwa sababu yule ndiye pekee Kibondo aliyewahi kuniuliza kama nimekula.

Gari lilibebwa kwa lori hadi Kasulu, nasi injini tukaifungua uani kwa kina Elias, juu ya turubai, wiki tatu. Nikaosha kila tundu linalopita oili, nikabadilisha beringi zote, na turbo nyingine ikaletwa kutoka Mwanza. Mashindano yalipita tukiwa bado tumeitandaza chini. Siku yenyewe Elias hakuyataja. Alishinda sokoni, na mimi sikuweza kumtazama mama yake usoni.

Alhamisi tuliiwasha. Nikamimina 5W-40, nikamkataza asiguse gia mpaka injini ipate joto, naye akakaa ametulia, mikono mapajani. Kisha tukapanda kilima, tukashuka, tukapanda tena, mara tano, anaendesha vile vile kama mwendawazimu. Mimi macho kwenye mshale. Haukulala, baba. Kule juu akasimamisha gari, akashuka, akampigia mama yake simu akipiga kelele kwa furaha. Nikabaki nimekaa kwenye kiti, mkanda umenibana, natazama vilima vya kijani mpaka vinapoishia, na hakuna hata mmoja huku ambaye ningemwambia akaelewa nilichokuwa nacho moyoni.

Mwakani atashindana, na amesema fundi wake ni mimi. Wengine nao wameanza kuniletea magari uani kwa kina Elias. Kazi ipo. Ila Jumapili kama leo wote wako kanisani, mtaa mzima umenyamaza, nasikia nyimbo zao kwa mbali, nami napika wali wa nazi ya unga, peke yangu, hauna hata ladha.

Nisalimie mama, umwambie nimenenepa hata kama hutaamini. Msalimie dada Mwajuma mlezi wako, kaka Hamisi na wifi, na bibi Mwanaisha aliyeniombea dua stendi. Mzee Bakari fundi cherehani, jirani yetu, mwambie kitenge alichonishonea bado kizima.

Sikuombi uniambie nirudi. Nakuomba uchukue kalamu uniandikie kitu kimoja tu: gari lile lingekuja kwako, wewe ungemimina oili gani? Jibu nalijua. Nataka kulisoma kwa mwandiko wako.

Mwanao wa mwisho, fundi wako,
Zainabu