Pindo la Vidole Vinne

Jumatatu, 6 Januari

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Hujambo wewe, na ule mguu wa kukanyagia cherehani umepona? Huku hatujambo. Wifi yako ni mzima, binti yetu Kinanda anaimba kutwa nzima kama jina tulilompachika, na tanuri langu la mikate linawaka. Barua hii nimempa dereva wa lori la unga, maana simu yangu nimempa jirani. Usishtuke, nakueleza.

Dada, Bwana anarudi. Najua utasema hilo tumeimbishwa tangu tukiwa wadogo. Mimi nasema anarudi Jumapili, tarehe mbili Machi. Kundi letu la maombi limepata mwalimu, tunamwita Mzee wa Chati kwa sababu anatembea na chati ya kitambaa ndefu kuliko ukuta wa sebule yako. Ina wanyama wenye pembe, ina falme, ina miaka, na mishale yote inaishia siku hiyo moja. Unanijua, mimi unga naupima mara mbili. Nilirudia hesabu mwenyewe kwa penseli juu ya mfuko wa unga, ikatoka vilevile. Wiki nane, dada, halafu tutamwona Mama akitembea.

Kwenye lori kuna majora matatu ya kitambaa cheupe na vipimo vya watu arobaini. Tushonee majoho, tafadhali, wakubwa na watoto. Ile fomu ya Kinanda ya kuingia sekondari unayoniulizia kila mara iko juu ya kabati. Shule inafungua tarehe kumi Machi, sasa niijaze ya nini?

Mdogo wako


Jumatatu, 13 Januari

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi yangu na kwa Kinanda. Mguu umepona, sasa umeanza mwenzake. Majora yamefika, yamejaa dukani mpaka wateja wanasimama nje.

Nimesoma barua yako mara tatu na mara zote tatu nilitaka kukuvuta sikio. Ufalme unaoungojea kwa mishale, mimi nafundishwa kanisani kwetu kwamba ulishaingia siku nyingi, uko hapa kati yetu, unafanya kazi kimyakimya kama hamira kwenye unga. Wewe mwoka mikate ndiye wa kunieleza mimi habari za hamira? Ukimlisha mgonjwa, ukimsamehe aliyekukosea, umeshaingia mlangoni. Mzee wako anatazama kalenda wakati mgeni ameshakaa kwenye kiti.

Nitashona, kwa sababu kitambaa hakina kosa. Lakini Kinanda amefaulu wakati wenzake wengi wamekwama. Nafasi ile asipoichukua ndani ya wiki ya kwanza anapewa mtoto mwingine. Shusha hiyo fomu, uijaze. Bwana akija hatakuuliza kwa nini uliitia sahihi.

Dada yako


Ijumaa, 24 Januari

Dada,

Shikamoo, na pole kwa mguu wa pili. Sisi wazima, furaha imetujaa hadi hatuli vizuri.

Umenigusa kwenye hamira, basi nisikilize kwenye fani yangu. Ni kweli hamira inafanya kazi kimya. Lakini kinyunya, donge la unga uliokandwa, hakiumuki milele. Ukikiacha, kinachacha na kunuka. Ipo saa ya kukitia motoni, na mwoka mikate anaijua saa hiyo, kinyunya hakiijui. Kama ufalme umeshafika wote, kwa nini watoto bado wanakufa? Kwa nini Mama yuko ardhini? Mimi siwezi kuita hii kuwa ndiyo mkate wenyewe.

Wifi yako anatusikia mimi na Mzee tukibishana na watu wa dhehebu lingine, wao wanasema kwanza ije miaka elfu ya amani, yeye anapita na beseni anasema, "Akija atanikuta nafua, na nafikiri hatanikasirikia." Hana upande, huyo.

Fomu siijazi. Nikiijaza nitakuwa nimesema kwa mdomo naamini na kwa kalamu siamini. Usinisukume hapo, dada yangu.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Februari

Mdogo wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo, vidole tu vimetoboka. Majoho arobaini hayo, yamepigwa pasi, kila moja lina kikaratasi cha mwenyewe. La fundi baiskeli nimelipanua tumboni, vipimo alivyotuma ni vya ujanani.

Mwambie kila mzazi asilipunguze chini joho la mtoto wake. Ya watoto nimeyaachia pindo.

Dada yako


Alhamisi, 20 Februari

Dada,

Shikamoo. Tumeyapokea, yanang'aa, akina mama wamepiga vigelegele njia nzima kutoka kwenye lori. Mungu akubariki kwa kazi hiyo.

Lakini nimegeuza joho la Kinanda. Pindo la vidole vinne. Nikageuza la mtoto wa fundi baiskeli, vidole vinne. Watoto wote kumi na mmoja. Mzee wa Chati ameona naye, amesema mbele ya watu kwamba hiyo ni mbegu ya shaka iliyoshonwa kwa uzi mweupe. Nilitamani ardhi ipasuke. Zimebaki siku kumi, dada. Unamwachia nani pindo? Kama ni kejeli, imeniuma sana.

Mdogo wako


Jumatatu, 24 Februari

Mdogo wangu,

Salamu. Naapa haikuwa kejeli. Nilianza na joho la Kinanda, nikakata, nikakunja, nikashona, na nilipoligeuza nikaona pindo. Mkono umezoea. Miaka ishirini na sita nikishika nguo ya mtoto, vidole vinne vinajiweka vyenyewe, havijawahi kusoma chati. Ningeweza kufumua. Nilikaa nalo mapajani, nikashindwa, kwa hiyo na mengine kumi nikayafanya hivyohivyo, safari hii kwa kusudi.

Kukata nguo ya mtoto ikamkaa barabara leo ni kumwambia usikue. Siwezi kumwambia Kinanda hivyo. Wewe umeweza, kule juu ya kabati.

Mkasirikie dada yako, ila uijaze.

Dada yako


Jumapili, 9 Machi

Mdogo wangu,

Hujambo? Naomba mtu anijibu hilo. Lori limekuja mara mbili bila barua. Dereva anasema duka lako limefungwa na tanuri limepoa.

Sikucheki. Sina hata hamu ya kusema nilikuambia. Nataka kujua kama unakula.

Kesho shule inafungua, na Ijumaa majina yanafungwa. Sasa sikia jambo nililokuficha: joho la Kinanda nililikata kwa hesabu. Likifumuliwa, pamoja na lile pindo, linatoa mashati mawili meupe ya shule. Nililikata hivyo mwezi wa kwanza, kabla hujanijibu, kwa sababu mimi ni shangazi yake. Litume, na uijaze fomu. Mwanangu, nakuomba. Nakuita mwanangu kwa sababu nilikubeba mgongoni.

Dada yako


Alhamisi, 13 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Tuko hai. Jirani amenirudishia simu, akaiweka tu mezani, lakini nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu ungenisikia ninavyolia.

Nikuambie ukweli, ilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizoishi. Tulikaa uwanjani tangu alfajiri, arobaini, weupe watupu, tukiimba. Fundi baiskeli na kaka yake, waliokuwa hawajasalimiana miaka sita, walishikana mikono wakalia. Nilimwomba wifi yako msamaha kwa mambo ambayo hata yeye alikuwa ameyasahau. Kila wingu lilipopita tuliinua nyuso wote. Jua lilipozama watu wakaanza kutazama viatu vyao. Mzee akakunja chati, akasema atahesabu upya. Nikamwambia ahesabu peke yake.

Baada ya hapo niliona aibu, dada. Sikuweza kuwasha tanuri, kwa maana watu wangekuja kununua mkate na kunitazama. Barua yako ilikaa siku mbili sijaifungua. Juzi Kinanda akasimama mbele yangu amevaa lile joho, na hakuwa akiimba. Alipimwa Desemba, na limeshapanda juu ya vifundo vya miguu. Akasema, "Baba, limeanza kuwa fupi. Nifumue pindo, au bado ni dhambi?"

Nilichukua wembe nikalifumua mwenyewe, uzi mmoja mmoja. Halafu nikapanda juu ya kiti, nikaishusha fomu. Ilikuwa na vumbi la unga. Leo asubuhi nimempeleka kwa mkono wangu na jina lake limeandikwa, la mwisho kwenye orodha. Mwalimu wa zamu amempa mpaka Jumatatu awe na mashati. Aliimba njia nzima ya kurudi, wimbo wenyewe ovyo, nami niliitikia.

Joho hilo hapo kwenye mfuko, na vipimo vipya. Fanya haraka, dada.

Bado namngoja Bwana. Hilo usije ukanitania. Ila nimerudi kumngoja nikiwa na tanuri limewaka, na kuhusu hamira nitakujibu siku nyingine, maana bado nadhani umekosea.

Mdogo wako


Jumamosi, 15 Machi

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zangu zote, nimefurahi hadi nimechoma kidole kwa pasi. Mashati hayo mawili. Yameachiwa pindo, mikononi na chini. Mwambie Kinanda aniandikie yeye mwenyewe, na aache kuimba darasani angalau wiki ya kwanza.

Kuna jambo sijamwambia mtu. Majora yale matatu yalitosha majoho arobaini na moja. La mwisho ni langu.

Tarehe mbili Machi nilifunga duka mapema, nikaoga, nikalivaa, nikakaa kwenye kigoda cha cherehani nikitazama mlango. Nilijidanganya kwamba natazama kama limekaa vizuri mabegani. Nilikuwa namngoja Mama. Nasema ufalme uko kati yetu, na nitaendelea kusema, lakini Mama hayuko kati yetu, na ninamkumbuka sana. Kila mtu aliyepita nje akiburuza viatu kama Mama, nilisimama. Nilikaa hadi kiza kikaingia. Kwa hiyo ukifikiri uliaibika peke yako, tulikuwa wawili.

Leo, baada ya kumaliza mashati, nikasema langu nalo nilifumue nipate vitambaa vya meza. Nikaligeuza chini kutafuta pindo, nikazunguka joho zima kwa vidole. Sikuwa nimeacha hata la kidole kimoja.

Nimelirudisha kwenye hanga.

Dada yako