Mama Anataka Kuwasikia Pamoja

Ijumaa, 9 Januari

Baada ya chakula cha mchana, filamu, kama Ijumaa zote. Leo Asila, binti yangu, kaleta ya Kiingereza, ya kuchekesha. Baba mmoja fundi wa rangi, mjane, na wanawe watatu watu wazima. Wana bendi ya kupiga kwenye harusi, wamegombana, na harusi ya jirani imeshakaribia. Maandishi ya chini ni ya Kiarabu na yanakwenda mbio, Mama hayawahi. Kusikia nako hasikii vizuri siku hizi. Kwa hivyo kazi ya kumtafsiria ni yangu, kwa sauti kama naadhini. Koo linaniuma mpaka sasa.

Asila anamwambia, "Filamu mzuri hii, Bibi." Mama akamsahihisha: nzuri. Kisha akachukua upande wa shangazi mkorofi anayeuza vyombo vya bendi kwa siri. Ati ndiye peke yake mwenye akili mle ndani. Tulicheka mpaka machozi.

Mwisho wale ndugu wanapiga pamoja. Mama akasogea karibu na televisheni. Nilijua anafikiria nini. Nikaenda kuosha vikombe.

Jumamosi, 10 Januari

Mama ameitaka tena filamu. Mwisho wake tu. Tumeutazama, kisha akauliza Nassor na Muna mara ya mwisho walipiga pamoja lini. Nikamwambia zamani, Mama. Nikaishia hapo.

Kaka Nassor hakai nasi hapa Ibra, yuko Nizwa, anapiga udi. Muna, mdogo wetu, kaolewa Sur, anaimba. Marehemu Baba ndiye aliyewafundisha wote wawili. Mimi alinipa kijiko na bilauri, nigonge taratibu. Hilo linatosha kueleza kipaji changu.

Kwenye harusi ya binti wa Muna, Nassor aliukata wimbo katikati. Akasema mbele ya jamaa wote: "Muna, unachelewa kuingia. Siku zote unachelewa." Watu wakacheka. Muna akaweka kipaza sauti chini, akenda zake ndani. Tangu siku hiyo wakionana Sikukuu ni shikamoo na marahaba, khalas. Ujinga mtupu. Watu wenye wajukuu.

Jumanne, 13 Januari

Spitali na Mama, kupimwa masikio. Daktari kijana, mpole, wa Mudhaibi. Kasema kifaa kitasaidia kusikia maneno. Muziki, hana hakika. Sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza, na zikishaondoka hazirudi. Nilitaka kumpunguzia Mama makali ya habari, lakini alikuwa ameshaelewa.

Ndani ya gari akasema, "Basi nataka kuwasikia wale wawili. Pamoja. Kabla." Hakumaliza. Sikulia. Tulisimama dukani tukanunua halua, tukaila garini kwa vidole kama watoto.

Alhamisi, 15 Januari

Nimempigia Nassor. Alikubali mara moja. Kisha akaongeza, "Mradi aingie kwa wakati." Nikamkatia simu. Kaka yangu mkubwa, sijawahi kumkatia simu maishani. Najisikia vibaya. Najisikia vizuri pia.

Muna kakataa. Kwanza aombwe radhi. Nikampigia tena Nassor: haombi radhi, ati alisema kweli. Mmoja kaniuliza kwa nini namtetea mwenziwe. Mwengine kaniuliza vile vile. Nimewachoka.

Jumapili, 18 Januari

Mama kanichukulia simu yangu. Kampigia Muna mwenyewe, kakaa wima sebuleni, spika wazi, nyumba nzima inasikia.

"Muna, sikuiti kwa ajili ya kaka yako. Nakuita kwa ajili ya masikio yangu."

Muna akasema, "Nakuja, Mama."

Halafu akapigiwa Nassor. Huyo aliambiwa kwamba akifungua mdomo kumsahihisha mwenziwe, atatolewa nje mbele ya wajukuu zake. Ana miaka sitini na sita. Akajibu, "Ndiyo, Mama."

Ijumaa hii. Asila kafurahi kupita kiasi, anasema imekuwa filamu. Mimi siamini mpaka nione.

Alhamisi, 22 Januari

Muna hajajibu ujumbe wangu tangu juzi. Nassor anauliza wataimba wimbo gani. Nitajuaje. Nimeroweka mchele wa mkate wa kumimina.

Ijumaa, 23 Januari

Nassor aliwasili mapema. Kaswali Ijumaa hapa hapa Ibra. Tukala. Muna hayupo. Simu haipatikani. Nassor alitazama saa ya ukutani, na Mama akamtazama yeye. Baada ya alasiri akaanza kuurudisha udi kwenye mfuko wake. Nilikuwa na hasira na Muna, na hofu zaidi ya hasira. Mama kavaa nguo yake ya Sikukuu, kakaa tu.

Ndipo gari ya shemeji, mume wa Muna, ikaingia uani. Tairi lilipasuka njiani, na pale simu haishiki. Muna aliingia na vumbi kwenye buibui.

"Shikamoo, Kaka."

"Marahaba. Poleni na safari."

Hakuna aliyetaja saa.

Walikaa kulia na kushoto kwa Mama, karibu kabisa. Ukaanza ule wimbo alioupenda Baba, ule uliokatwa harusini. Nassor vidole vimekuwa vizito. Sauti ya Muna imeshuka, imekuwa nene, na mimi naipenda zaidi hivi. Nilikuwa mlangoni na sinia, sithubutu kulitua.

Pakafika pale pale. Muna hakuingia.

Nassor hakusimama. Aliurudia ule mzunguko, taratibu, kama wimbo wenyewe ndivyo ulivyotungwa. Akangoja. Muna akavuta pumzi, akaingia. Wakaenda pamoja mpaka mwisho.

Hakuna aliyepiga makofi. Mama akawageukia, mmoja mmoja. "Baba yenu naye alikuwa akichelewa pale pale," akasema. "Nilikuwa nampigia udi nikimngoja."

Hatukujua hata siku moja kwamba Mama alipiga udi. Nassor akainamisha kichwa juu ya chombo chake, akacheka mpaka mabega yakatikisika. Aliponyanyua uso, akamwambia Muna, "Nisamehe." Muna alimkatia kipande kikubwa cha mkate, akamwekea kwenye sahani.

Sikumuuliza Mama kasikia kiasi gani. Vidole vyake vilikuwa vikigonga goti wakati wote, sawasawa na udi.

Jumamosi, 24 Januari

Nassor alirudi Nizwa jana kabla ya magharibi. Muna kalala hapa. Asubuhi, kabla Mama hajaamka, kaniomba nambari ya Kaka. Alikuwa ameifuta. Nikamtajia, akaiandika kwenye simu, akatoka kibarazani.

Baridi kidogo leo. Niliteleka chai. Nilimsikia akiuliza matairi mazuri yanauzwa wapi Nizwa, na kama bei ni nafuu kuliko Sur. Nassor, nadhani, alikuwa na mengi ya kusema kuhusu matairi. Mazungumzo yalichukua muda. Nilimpelekea kikombe chake, nikakiweka karibu naye, nikafunga mlango.