Makombo ya Kipaimara

Kituo cha Nguruwe,
Kisawasawa,
12 Juni.

Ndugu yangu Nkwabi,

Mwangaluka, kama mnavyoamkiana Wasukuma. Shikamoo yako nimekwisha kuiitikia tangu huko Malinyi uliko, usisumbuke kuitoa. Mkeo Kabula hajambo? Watoto wanasoma? Barua yako ya mkono wa kushoto nimeisoma mara nne. Umeandika kwamba Kabula anataka mrudi shambani kwenu, lakini mwenyekiti wa kijiji amekujibu kuwa hakuna anayetaka kukuona. Nitalifikia hilo. Naandika polepole, maana kifua kinabana, na daktari wa Ifakara amesema moyo umechoka. Nina miaka themanini na moja, simbishii.

Sista Febronia amepokea tena nguruwe wa kuokolewa hapa kituoni. Jike mmoja aliokolewa wakati wa mafuriko akiwa juu ya kichuguu, mwingine tulimtoa kwa mchinjaji, kamba imemla mguu hadi mfupa. Wa kichuguuni amezaa juzi watoto kumi. Wa kwanza kuzaliwa, mama mwenyewe alimtafuna kichwa tukimtazama. Nikakumbuka ulipofanya kazi hapa nasi ulivyokuwa ukiwatoa watoto mmoja mmoja na kuwaweka kwenye kapu la pumba, karibu na jiko la mkaa, mpaka mama atulie. Tukafanya hivyo, na tisa wamepona. Aliye dhaifu tunampa chuchu ya mbele yenye maziwa mengi. Kijijini bado wanatucheka, wanasema nguruwe wa pensheni wanatunzwa na mzee wa pensheni, na kwamba hawajui nani atakuwa mgumu zaidi kutafuna.

Uliniuliza nini kilitokea baada ya wewe kuanguka ile Jumanne. Sikukujibu. Ulikuwa umesimama getini pa kituo, mikono umeitandaza kuwazuia wanakijiji, na Faustino aliyewaongoza akakuambia, “Msukuma, ng'ombe wako kula mashamba yetu hawakutumaliza, sasa umetuletea homa.” Nguruwe wake wote walikuwa wamekufa kwa homa ya nguruwe wiki ile. Panga likakupata mkono wa kulia, marungu yakafuata, ukalala. Wakakuruka wakaingia.

Waliwapiga nguruwe kwenye paji la uso, mmoja baada ya mwingine, wazima kwa wagonjwa. Aliyekuwa ananyonyesha alikataa kuinuka. Wakamkata mgongo, naye akazidi kulala pale pale, watoto wakaendelea kunyonya huku damu ikiwatiririkia. Wote walitupwa shimoni, mafuta ya taa yakamwagwa, na wengine walilia ndani ya moto. Moto huo huo waliubeba kwenda nyumbani kwako. Kabula alitoka na watoto na sufuria moja.

Mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti changu. Hakuna aliyenigusa.

Nkwabi, kabla hawajakupiga, Faustino alinigeukia kwa heshima. Alisema mimi nimekuwa bwana mifugo wao miaka thelathini, niwaambie homa imeingilia wapi. Nikajibu kwamba nguruwe wa mwisho kuingia kituoni ni yule uliyemleta kwa baiskeli kutoka Namawala. Ilikuwa kweli. Nilijua watakavyoielewa.

Nguruwe yule alikuwa mzima. Nilimpima mwenyewe, nikamtenga peke yake, na ndiye aliyekuwa wa mwisho kuugua. Homa niliileta mimi, na kutoka kituoni ikaenda kijijini. Wiki tatu kabla ya Jumanne ile nilipewa ndoo mbili za makombo ya sherehe ya kipaimara, ndani mkiwa na ngozi na vipande vibichi vya nguruwe. Miaka thelathini nimefundisha watu kwamba makombo huchemshwa nusu saa kabla ya kulishwa. Kuni zilikuwa zimelowa, mgongo ulikuwa unaniuma, nikayamwaga horini hivyo hivyo. Masikio yao yalipogeuka zambarau nilijua ni makombo yale. Sikuogopa marungu yao. Niliogopa watacheka, bwana mifugo mzima.

Kwa kicheko hicho nilitoa mkono wako.

Jumapili kuna mkutano wa kijiji. Nimemwomba mwenyekiti nafasi ya kusema, na barua hii nitaisoma yote mbele ya Faustino. Nakala nyingine anayo Sista, ili wakininyamazisha amalizie yeye. Usije siku hiyo. Subiri taarifa ya Sista, ndipo umlete Kabula aone shamba.

Sikuombi msamaha kwa karatasi. Msalimie Kabula na watoto, na wazee wote wa huko. Nimemwambia Sista kwamba watu wakija na marungu, afungue geti la nyuma awatoe nguruwe na watoto wao kwanza, na kiti changu akiache kilipo, nami nikiwa nimekikalia.

Ni mimi,
Agapiti