Mkebe wa Hamira

Kitengela, 3 Machi 1999

Dada Namalwa,
Salamu nyingi. Mgongo umepata nafuu? Mimi niko mzima, ila maabara inanichosha. Ulilalamika kwamba joto la Kajiado linaharibu hamira yako. Ndiyo kazi yetu hapa: tunaitia sukari fulani na gliserini ili vimeng'enya vilivyo ndani ya chembe zake, vile vinavyoumua unga, visipoteze nguvu upesi. Nakutumia mkebe mmoja uujaribu kwa mikate yako. Usimwambie mtu, haujaruhusiwa kutoka.
Ndugu yako, Khisa

Kajiado, 9 Machi

Ndugu yangu,
Nisamehe, sina nguvu ya salamu. Unga haukuumuka hata kidogo. Fosiya, jirani yangu, aliniomba ule niliokanda awape mbuzi wake. Watatu wamekufa. Nafiso, binti yake wa miaka minne, alimega akala. Yuko hospitali, hata maji anatapika. Daktari ameniuliza, "Ndani ya mkebe kulikuwa na nini?" Nimemwambia nitakuuliza. Wathome wa pikipiki, anayekuletea barua hii, anangoja jibu lako hapo.
Dada yako, Namalwa

Kitengela, 9 Machi, saa sita mchana

Dada,
Nimefungua kabati na mkebe wa hamira ya gliserini niliokusudia kukutumia bado uko. Mikebe inafanana, nilikutumia ule wa vipimo. Hamira ya humo tulikuwa tumeivunjavunja, tukaitia dawa ya kuzuia vimeng'enya visiharibike kabla ya kupimwa. Hiyo dawa ni sumu. Jina lake na kiasi chake nimeandika kwa karatasi ya pili, mpe daktari mara moja. Simu ya hospitali haishiki. Naenda kumwambia mkubwa wangu ukweli, halafu nakuja.
Ndugu yako, Khisa

Kajiado, 20 Machi

Khisa,
Nafiso alitoka jana. Anakunywa uji. Daktari alisema ile karatasi ndiyo ilimwonyesha la kufanya. Lakini Wathome alikuona kwa lango la hospitali jioni ile. Ulisimama, ukageuka, ukaenda. Mpaka leo sijasikia neno lako. Mambo ya mkebe ningeyameza. Hilo la lango limenishinda. Fosiya hajanitukana hata mara moja. Kila asubuhi ananiuliza tu, "Ndugu yako yuko wapi?"
Dada yako, Namalwa

Kitengela, 23 Machi

Dada,
Ni kweli. Nilimsikia Fosiya akilia kule ndani, nikashindwa kuingia. Kazini wamenisimamisha. Jumamosi nakuja Kajiado. Usinipikie chochote. Nitaanza kwa Fosiya.
Ndugu yako, Khisa