Napoli ya Baba

Mabela, Maskati
4 Oktoba 2024

Bakhita mwanangu,

Mabela nzima hakuna baba mwenye bahati kama mimi. Nani mwengine mtoto wake kaenda kusoma Ulaya, na mji wenyewe baba mtu anaujua kichochoro kwa kichochoro? Mimi Napoli nimekaa miezi, ujanani, meli yetu ilipoharibika, mpaka wapishi wa kule wakawa wananiita kwa jina. Haya, salamu alaykum, sisi wazima, mama yako anauliza unakula nini. Nnaandika kwa mkono na kukutumia picha ya barua kwa simu, maana sauti nnazokurikodia unazisikiliza huku unavuka barabara.

Sasa shika maneno ya mwenyeji. Pizza sema nyanya na jibini, basi, manyama yao usiyaguse. Kahawa yao kali, na wanamimina tu. Ukitosheka tikisa kikombe, wataelewa. Michoro, ingia makumbusho, lakini watu wao wale hawana nguo, wewe tazama nyuso. Starehe za usiku ziko nyingi, nazijua zote, na wewe ulale.

Karibu na bandari kuna kichochoro, bibi mmoja akinikaangia samaki bure, kwa kunipenda tu. Mtafute umpe salamu zangu.

Babako


Napoli
20 Oktoba 2024

Baba, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kidogo tu, baridi. Mama mwambie nnakula.

Pizza hapo umesema kweli. Lakini kahawa, baba! Wanakunywa wima, mahala panaitwa baa, usishtuke, ni mkahawa tu. Nikamaliza, nikatikisa kikombe kama nyumbani. Muuzaji akakichukua, akakinusa, akanitengenezea nyengine huku ananiomba radhi. Nikanywa, nikatikisa tena. Akamwita mwenye duka.

Makumbusho nimetazama nyuso kama ulivyoniusia. Masanamu mengine hayana hata vichwa, sasa nitazame wapi?

Bibi wa samaki nimewauliza mpaka wavuvi, hawamjui. Na mbona hukunambia habari za mlima wa moto? Kila ukigeuka upo, mkubwa.

Baba, masomo mazito na sina wa kusema naye. Unajua chuo cha Milano pia kilinichukua. Huku nimekuja kwa sababu yako, nilitaka nipite ulipopita. Njoo Disemba chuo kikifungwa, unitembeze mitaa yako. Ukija, ntaweza kubaki.

Binti yako


Mabela
15 Novemba 2024

Mwanangu, salamu nyingi. Kifua vipi? Kunywa tangawizi.

Nimechelewa kukujibu, shughuli. Mlima huo enzi zangu ulikuwa umefunikwa na ukungu. Na muuza kahawa yule atakuwa mgeni, hawezi kuwa mtu wa Napoli. Kuja, ntakuja, viza kwangu mimi kitu gani? Ila goti hili na ndege hawapatani. Tutaona.

Jioni nenda ufukweni, watu wanatembea na watoto wao, utajiona uko pwani yetu ya Matrah. Mama yako anacheka jikoni, sijui anacheka nini.

Babako


Napoli
2 Januari 2025

Baba, shikamoo. Goti limepoa?

Wenzangu niliwaambia babangu anakuja. Wameondoka wote kwao, nikabaki mimi na kipasha joto. Nilikwenda ufukweni. Si Matrah, baba. Nikatembea nakutafuta wewe kijana, kila kona, sikukuona popote. Naona aibu hata kukwambia: mji ulioupenda wewe, mimi nimeshindwa kuuona.

Sanduku nimeshafunga. Mtihani ukimalizika narudi nyumbani. Mama usimwambie bado.

Binti yako


Mabela
3 Januari 2025

Bakhita, mwanangu, mama yangu wewe,

Mama yako nimemwambia. Akanitazama, akasema, "Na wewe Marhoon, mwambie mtoto siri yako."

Meli ninazozijua mimi ni zile za watalii zinazofunga gati Matrah, nami nje ya geti na teksi yangu. Siku moja nikampakia mzee mmoja wa Napoli, nikampeleka Qantab aone bahari. Njia nzima anaulilia mji wake: pizza, michoro, bibi yake akimkaangia samaki kichochoroni. Usiku ule ukaniuliza, mdogo wewe, mbona baba za wenzako wanapanda ndege na mimi babako nashinda Matrah tu. Nikakupa mji wa yule mzee. Ulilala umenishika kidole. Kesho yake ukautaka tena, na mimi sikujua kukunyima.

Nyumba imekuwa kubwa tangu uondoke. Nikipita njia ya uwanja wa ndege naendesha polepole, wenye haraka wananipigia honi, nawaacha wapige.

Ukitaka kurudi, rudi, ntakuwa getini kabla ndege haijagusa ardhi. Lakini usirudi kwa aibu. Hujashindwa kitu. Hakuna wa ukoo wetu aliyepita hapo kabla yako, wewe ndiye wa kwanza, na ukipapenda mahala niandikie, nami nijue.

Mimi Napoli sijafika hata siku moja. Nilikudanganya.

Babako